Kilimia Katika Anga la Hamburg

Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya jua la ikweta. Saa moja ya asubuhi huhesabiwa jua likiwa ndio kwanza limechomoza, saa kumi na mbili ya jioni humkuta muuza duka akivuta milango na muumini akitawadha kwa ajili ya magharibi, na tofauti baina ya Juni na Desemba ni ndogo kiasi kwamba mtu wa Dar es Salaam anaweza kuishi miaka sitini bila kuitia maanani. Saa hiyo hiyo ikichukuliwa hadi Hamburg, mji wa bandari ulioko kaskazini mwa Ujerumani katika latitudo ya nyuzi 53 na nusu, hukosa maana mwanzoni mwa Januari, kwa sababu jua la huko halichomozi kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, hupanda adhuhuri mpaka kimo cha nyuzi 13 au 14 tu, ilhali utosini ni nyuzi 90, kisha huzama baada ya saa kumi, wakati ambapo Kariakoo watu bado wanatafuta kivuli. Kinachobaki ni usiku wa zaidi ya saa kumi na sita, na msafiri aliyeufikia mji huo katika wiki ya kwanza ya Januari alitambua mapema kwamba swali lenye maana si jinsi wenyeji wanavyostahimili baridi, kama wageni wengi wanavyouliza, bali usiku mrefu kiasi hicho wanaufanyia nini.

Baridi yenyewe ina historia yake katika Kiswahili. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro na kumuuliza kiongozi wa msafara wake weupe ule wa kileleni ni kitu gani, alijibiwa kwa neno moja tu, baridi, na taarifa yake ilipofika Ulaya wako wataalamu wa jiografia walioikana, wakishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Jibu la kiongozi yule limechekwa mara nyingi bila haki. Mtu akikaa wiki moja Hamburg huona kwamba theluji, yaani mvuke wa maji ulioganda angani ukashuka kama pamba, barafu, yaani maji yaliyogandia ardhini, na sakitu, yaani ule umande ulioganda unaofanya majani kuwa na ncha nyeupe alfajiri, vyote ni nguo tu ambazo baridi huvaa na kuvua kwa zamu, na siku nyingi haivai chochote, bali huja kama manyunyu ya ubavuni yasukumwayo na upepo wa Bahari ya Kaskazini. Wenyeji wana jina la hali hiyo katika Kijerumani cha Chini, lugha ya mabaharia na wakulima wa pwani ile. Huiita Schietwetter, na tafsiri yake ya adabu ni hewa chafu. Hulitamka jina hilo kwa kicheko, kama mtu anayemsema ndugu mkorofi ambaye hata hivyo hatamfukuza nyumbani.

Katikati ya mji kuna ziwa la Alster, nalo ndilo mizani ya majira. Kila mwaka kabla ya baridi kukaza, mtumishi wa mji anayejulikana kama baba wa mabatamaji huwakusanya ndege weupe wa ziwa hilo kwa mashua na kuwahamishia katika bwawa lisiloachwa ligande, ambako hulishwa mpaka baridi ipite. Zamani barafu ya Alster ilipofikia unene wa sentimita 20 watu waliruhusiwa kushuka ziwani, wakateleza kwa viatu vya vyuma, na vibanda vya vinywaji moto vikasimamishwa juu ya maji yaliyoganda. Sherehe ya namna hiyo ilifanyika mara ya mwisho mwaka 2012. Msafiri aliukuta ukingo wa ziwa una utando mwembamba kama kioo cha taa, na mama mmoja akimwonyesha mwanawe kwa kidole mahali ambapo yeye mwenyewe, akiwa msichana, alivuka kwa miguu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mtoto yule alimtazama mamake kama vijana wa Moshi wanavyowatazama wazee wanaowasimulia jinsi theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilivyokuwa ikishuka chini zaidi.

Mmoja wa watu wa mwambao wanaojulikana sana kwa kuupitisha usiku huo wa kaskazini alikuwa binti wa kifalme. Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar, aliwasili Hamburg mwaka 1867 akiwa ameolewa na mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete na kuitwa Emily, na miaka mitatu baadaye mumewe alifariki katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo na mji ambao hakuwa bado ameuzoea. Maandishi yake, zikiwamo kumbukumbu zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, humfanya msomaji wa pwani ahisi kwamba kilichomsumbua zaidi ni kuishi ndani ya milango iliyofungwa, yeye aliyelelewa katika majumba yenye ua, ngazi na watu wasiohesabika. Kaburi lake liko Ohlsdorf, makaburi mapana mithili ya mji, na inasimuliwa kwamba miongoni mwa vitu alivyoviacha palikuwa na kifuko cha mchanga wa Zanzibar. Sakitu ilikuwa imelishika jiwe la kaburi siku msafiri alipofika hapo, na harufu iliyokuwa bado imenasa katika koti lake ilikuwa ya karafuu, kwa kuwa usiku uliopita alisimama karibu na kibanda ambako watu walichemsha mvinyo kwa karafuu na mdalasini, wakanywa wakiwa wamesimama, bila shaka wakidhani kuwa hiyo ndiyo harufu ya kwao.

Wako pia wanaoutumia usiku huo kutazama nyota. Kusini-mashariki mwa mji, katika kilima cha Bergedorf, ndiko kwenye kituo cha kutazama nyota kilichohamishwa kutoka mjini na kuzinduliwa mwaka 1912, baada ya moshi, taa na mitikisiko ya mji na bandari kuwakosesha wanafalaki kazi. Majengo yake yenye kuba yamesimama mbali mbali kati ya miti, na mgeni asiye na haraka anaweza kuipita darubini kubwa ya lenzi yenye upana wa sentimita 60 na kukaa zaidi mbele ya chombo kidogo kinachoonekana kama debe jeusi, nacho ndicho kamera ya Bernhard Schmidt ya mwaka 1930. Schmidt alizaliwa katika kisiwa cha Naissaar, ambacho leo kimo Estonia, na alipokuwa kijana alipoteza mkono wake wa kulia alipochezea baruti, lakini alijifunza kusugua vioo vya darubini kwa mkono mmoja uliobaki, akawapita wengi wenye miwili. Tatizo alilolikabili lilikuwa hili: kioo cha duara kilichojipinda kama bakuli hukusanya mwanga mwingi, ila nyota zinazotokea humo huwa na ukungu, na kioo kinachoondoa ukungu huo kwa kawaida huonyesha sehemu ndogo tu ya anga. Ufumbuzi wake ulikuwa kuweka mbele ya bakuli hilo bamba jembamba la kioo lenye mpindo mdogo usioonekana kwa macho, na ili kuupata mpindo huo aliliweka bamba juu ya chombo, akaifyonza hewa iliyokuwa chini yake mpaka bamba likabonyea, akalisugua likiwa katika hali hiyo, kisha akairudisha hewa, na kioo kikajinyoosha chenyewe kikiwa na umbo alilolitaka. Aliiacha hewa ifanye kazi ya mkono uliokosekana. Darubini za mtindo huo ndizo zilizopiga picha za anga pana katika karne ya ishirini, ikiwamo ile ya mlima Palomar huko Marekani, naye alifariki mwaka 1935 bila ya kuona sehemu kubwa ya matunda hayo.

Utazamaji wa nyota katika majira ya baridi una ukorofi wake. Mawingu ni blanketi. Usiku yakitanda, joto la ardhi hubaki chini, na yakiondoka joto hilo hupanda kwenda angani bila kizuizi, hivyo usiku unaofaa kutazamwa ndio huo huo unaoumiza vidole. Darubini iliyotolewa chumbani haifai kutumiwa papo hapo, kwa maana hewa ya moto iliyomo ndani yake hupanda na kuzitetemesha nyota kama barabara ya lami mchana wa jua, nayo lenzi iliyoachwa wazi hupoteza joto kuliko hewa inayoizunguka, ikashika umande, na umande ukageuka sakitu. Betri nazo huzimika kabla ya wakati. Wapenzi wa nyota wa Hamburg huzifunga lenzi zao mikanda midogo ya umeme yenye kutoa uvuguvugu, na wengine, wasiopenda gharama, huzivisha soksi.

Kati ya shida hizo na kompyuta pana njia fupi, na njia hiyo hupitia katika vyumba vya chini ya ardhi. Ujerumani ina desturi kongwe ya vyama vya watu wenye mapenzi ya jambo moja, na wapenda kompyuta hawakuachwa nyuma: Chaos Computer Club, klabu mashuhuri kuliko zote za aina hiyo, iliasisiwa Berlin mwaka 1981, ikapata uhai mkubwa Hamburg kupitia mwasisi wake mmoja, Wau Holland, na tangu mwaka 1984 imekuwa na kawaida ya kuitisha kongamano lake kati ya Krismasi na mwaka mpya, siku ambazo mwanga ni haba na ofisi zimefungwa. Mwaka huo huo wa 1984 wanachama wake walionyesha udhaifu wa mtandao wa posta wa kupeleka kurasa kwenye televisheni, ambapo ukurasa uliweza kutozwa fedha kila ulipofunguliwa, kwa kuitumia nywila ya benki moja ya akiba kuufungua ukurasa wao wenyewe usiku kucha mpaka Deutsche Mark karibu 135,000 zikaingia katika akaunti yao, nao wakazirudisha hadharani. Kongamano siku hizi hukusanya maelfu. Msafiri, ambaye alikuja baada ya zogo hilo kutulia, alipendelea kualikwa katika klabu ndogo ya mtaa wa Altona isiyo na bango mlangoni, yenye watu wasiozidi kumi na watano, wanaokutana katika chumba kilichokuwa zamani ghala la makaa.

Baraza la mwambao hujengwa nje ya mlango, likawa sehemu ya nyumba na ya njia kwa pamoja, hata mpita njia asalimie, akae, aulizwe habari za wagonjwa. Baraza la Altona liko chini ya ngazi kumi na moja, na salamu yake ya kwanza ni kuvua: koti, skafu, kofia, glavu, sweta ya juu, mpaka rundo la nguo pembeni likawa kubwa kuliko waliozivaa. Katika rundo hilo alitokea mzee mzaliwa wa Tanga, fundi umeme wa meli kwa miaka mingi, ambaye ndiye aliyetuma mwaliko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango, joto linatoka."

Juu ya meza ndefu palikuwa na chuma cha kulehemia kikitoa moshi mwembamba, chupa za kinywaji cha majani ya mmea uitwao mate ambacho watu hao hukinywa kikiwa baridi hata nje kukiwa na barafu, na sufuria kubwa ya kabichi ya majani iliyopikwa kwa saa nyingi pamoja na vitunguu. Mboga hiyo, ambayo wenyeji huiita Grünkohl na ambayo husemekana kuwa tamu zaidi ikishapigwa na sakitu shambani, ni nduguye sukuma wiki, tofauti ikiwa kwamba ya Nairobi hukatwa nyembamba na kuivishwa upesi, ya Hamburg ikapikwa mpaka inasahau kuwa ilikuwa jani. Huliwa na soseji za nguruwe. Mzee alikuwa amemwomba mpishi, miaka mingi nyuma, atenge bakuli moja lisilochanganywa nazo, na tangu siku hiyo bakuli hilo hutengwa bila kuulizwa, likifunikwa kwa sahani yenye ufa ambayo kila mtu anajua ni ya nani.

Mashine iliyopewa heshima usiku huo ilikuwa Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyotolewa mwaka 1982 na kupendwa mno Ujerumani, ambako kwa umbo lake la mgongo wa kobe iliitwa kasha la mkate. Kumbukumbu yake nzima ni kilobaiti 64, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya simu, na inapowashwa skrini ya samawati hutangaza kwamba baiti 38,911 ziko huru kwa mtumiaji, tangazo ambalo wazee kadhaa mezani walilisoma kwa sauti kama watu wanaoitikia dua. Mwalimu mstaafu wa hisabati alikuwa ameandika kwenye mashine hiyo, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, programu ya kupiga hesabu ya kimo cha nyota yoyote ukiipa mahali, tarehe na saa, nayo imehifadhiwa katika kaseti ya kawaida kama zile zilizobeba taarabu. Usomaji wake ni wa polepole: kaseti huzunguka, skrini hufifia ikawa tupu kwa dakika kadhaa, na hakuna la kufanya ila kungoja na kuzungumza, jambo ambalo pengine ndilo lililoijenga klabu kuliko programu yenyewe. Kijana mmoja wa kike, ambaye kaseti alizikuta zimekwisha kufa, alikuwa na chombo chake mwenyewe, kompyuta ya ukubwa wa kitambulisho iitwayo Raspberry Pi, iliyounganishwa na kamera iliyofungwa juu ya paa, ambayo hupiga picha ya anga lote kila dakika na kulia kama ndege pindi mawingu yanapopungua.

Wakati kaseti inazunguka, mwalimu alitaka kujua ni kwa nini Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki hungoja kuuona mwezi mwandamo kwa macho, ilhali hesabu ya siku 29 na nusu na ushei imejulikana tangu zama za Babeli. Mzee alimjibu kwamba hesabu hakuna anayeikana, ila hesabu haitoi ushahidi. Ushahidi hutolewa na mtu mwenye jina, aliyepanda kwenye paa la nyumba yenye jina, akaapa mbele ya watu wanaomjua kama ni mkweli au la. Aliongeza, kwa haki, kwamba hilo halijazuia ugomvi, kwani zipo Idi ambazo mtaa mmoja wa Tanga umekula pilau na wa pili ukiwa bado na swaumu. Mwalimu alicheka, akasema kwamba hata klabu yao iliwahi kugawanyika mara mbili kwa sababu ndogo kuliko mwezi.

Kaseti ilipomaliza, waliiuliza mashine kuhusu Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitumia kujua wakati wa kulima na ambacho jina lake linatokana na kazi hiyo; Wajerumani hukiita nyota saba, ingawa jicho la kawaida huona sita. Mashine ikajibu kwamba usiku ule kingefikia kilele chake juu ya Hamburg muda mfupi baada ya saa tatu, upande wa kusini, katika kimo cha nyuzi 60 na nusu. Mzee akataka wajaribu Dar es Salaam. Jibu lilichukua sekunde chache, nalo liliwafanya wote wainamie skrini: muda mfupi baada ya saa tatu kwa saa ya huko, kimo cha nyuzi 59, upande wa kaskazini. Sababu si muujiza, kwa kuwa Kilimia hupita juu ya latitudo ya nyuzi 24 kaskazini, na latitudo hiyo imekaa karibu katikati ya miji hiyo miwili, hivyo mtu wa Dar es Salaam na mtu wa Hamburg huinua vichwa sawasawa huku nyuso zao zikielekeana. Mzee alitoa nyongeza ambayo mwalimu hakuwa ameiwaza, kwamba kishada hicho hupita karibu na utosi wa Makka, na kwamba ndiyo maana nahodha wa pwani, ambaye neno lake la kaskazini ni kibula, akikiona kimesimama kileleni huwa anatazama kwenye kibula kwa maana zote mbili.

Kifaa cha paani kililia. Watu waliokuwa wamekwisha kujua kwa tarakimu kitu hicho kiko wapi, saa ngapi na kimo gani, waliacha bakuli na vyuma vya moto, wakafukua makoti katika rundo, wengine wakivaa yasiyo yao, na wakapanda ngazi kumi na moja kwa mkupuo hata mmoja akajikwaa kwenye waya uliovuka sakafu. Uani pumzi zao zilisimama mbele ya nyuso kama moshi wa mabiri. Mawingu yalikuwa yamepasuka katikati ya mabomba mawili ya paa, na katika mpasuko huo Kilimia kilikuwepo, kidogo, cha samawati, kikali kuliko kinavyoonekana katika anga la mwambao lenye unyevu. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mwalimu, ambaye programu ni yake, alinyoosha mkono na kupima nyuzi kwa ngumi zake, ngumi moja ikiwa takriban nyuzi kumi, akafika sita.

Msafiri alimpigia simu mdogo wake wa kike Dar es Salaam, ambako ilikuwa saa tano usiku, ili amwambie atoke nje atazame. Alikuwa nje tayari, kwa kuwa umeme ulikatika tangu magharibi na joto la Januari halikalii ndani.

"Kaka, kimeshapita hicho. Saa tatu kilikuwa juu ya mwembe, sasa kinaelekea kwa jirani."

Mzee aliwafasiria wenzake. Mwalimu aliuliza mwembe ule una urefu gani na mtu alikaa umbali gani kutoka shina lake, na alipopewa makadirio alishuka haraka kwenda kuyaingiza katika mashine, lakini waya uliokanyagwa ulikuwa umechomoka ukutani na skrini ilikuwa nyeusi, kumbukumbu yote imekwenda. Akauchomeka tena, akairudisha kaseti mwanzo, akabonyeza. Wengine walibaki wamesimama ngazini, nusu ndani nusu nje, mlango ukiwa wazi na joto likitoka, wakingoja.